Gaboni na Kameruni: kwa nini mstari mmoja wa magogo ulikatika na mwingine ukapinda

Chora kwenye karatasi moja kiasi cha magogo ambacho Gaboni na Kameruni zimeuza nje tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Mstari wa Kameruni unapanda kwa kasi baada ya 1994, unaanguka 1999, unatambaa chini miaka kadhaa, kisha unainuka tena kana kwamba hakuna kilichopigwa marufuku. Wa Gaboni unapanda na kushuka kwa mawimbi mpaka 2009, halafu 2010 unakatika kama kamba. Nchi hizi zinapakana, zinatumia faranga moja ya CFA, zinauzia wanunuzi wale wale wa Ulaya na Asia, na zote mbili ziliamua kwamba gogo lisitoke likiwa zima.

Tafsiri inayotolewa haraka ni kwamba Gaboni ilikuwa na nia na Kameruni haikuwa nayo. Tafsiri hiyo haidumu ukishuka hadi kwenye maneno ya sheria, kwenye aina za miti, na kwenye namna gogo lenyewe linavyopimwa. Kameruni ilipiga marufuku majina ya miti. Gaboni ilipiga marufuku umbo. Sehemu kubwa ya tofauti ya mistari hiyo miwili inatoka hapo.

Ndani ya tarakimu kuna nini

Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa za forodha, magogo yako kifungu 4403. Mbao zilizopasuliwa zenye unene unaozidi milimita 6 ziko 4407. Vinia, yaani tabaka jembamba linalomenywa au kukatwa kutoka kwenye gogo, lisilozidi milimita 6, iko 4408, na plaiwudi iko 4412. Kifungu 4403 kinatamka kwamba gogo hubaki gogo hata likivuliwa gome, likiondolewa ile sehemu nyeupe ya nje, au likichongwa kijuujuu pande nne. Hapo ndipo upenyo wa kwanza ulipo. Gogo lililopitishwa kwenye msumeno mara nne linafanana na boriti, na mwenye mzigo huliandika 4407. Kwenye takwimu, magogo yamepungua na mbao zimeongezeka. Msituni hakuna kilichobadilika.

Neno lenyewe "mbao ngumu" nalo lisikuchanganye. Katika biashara hii linamaanisha mti wowote wenye majani mapana, hata kama ni laini. Ayous wa Kameruni ni mwepesi kiasi kwamba msumari unaingia bila kubishana, ilhali azobé wa nchi hiyo hiyo huzama majini, na ndiyo sababu umetumika kwenye malango ya mifereji ya Uholanzi na mataruma ya reli. Vyote viwili vinaingia kwenye safu moja ya takwimu.

Halafu kuna utepe. Gogo hupimwa bila gome: kila ncha hupimwa vipenyo viwili vinavyokatana kwa pembe mraba, wastani wa vipenyo vyote vinne unachukuliwa kuwa D, kisha ujazo ni 0.7854 × D × D × urefu. Chukua gogo la mita 10 lenye D ya sentimita 90. Ujazo wake ni mita za ujazo 6.36. Mpimaji akiandika 86 badala ya 90, ama kwa kubana utepe ama kwa kuchagua kipenyo chembamba cha ncha nyembamba, ujazo unakuwa 5.81. Tofauti ni zaidi ya nusu mita ya ujazo kwa gogo moja, karibu asilimia 9, kwa kosa la sentimita nne tu, kwa sababu kipenyo kinazidishwa chenyewe kwa chenyewe. Kosa la urefu halina ukali huo: punguza sentimita kumi kwenye mita kumi na umepoteza asilimia moja. Kwa hiyo anayekagua rundo na ana dakika chache aanze na vipenyo, urefu utafuata. Aangalie pia makato ya kiini kilichooza, maana tundu la sentimita 20 linaweza kuandikwa 40 na hakuna atakayerudi kulipima gogo likiwa ndani ya meli.

Nchi inayopokea mara nyingine hutoa takwimu kwa uzito, na hapo wengi huanguka. Tani 10,000 za okoumé mbichi, mti mkuu wa Gaboni, ukikadiria tani 0.65 kwa mita ya ujazo, ni takriban mita za ujazo 15,400. Tani hizo hizo zikiwa azobé mbichi, kwa tani 1.2, ni takriban 8,300. Anayetumia kigawanyo kimoja kwa Gaboni, ambako zaidi ya nusu ya mzigo ilikuwa okoumé, na kwa Kameruni yenye mchanganyiko wa ayous, sapelli, azobé na tali, anazalisha tofauti ambayo haipo msituni, au anaficha iliyopo.

Kameruni: miaka mitano ya taarifa mapema

Mwezi Januari 1994 mambo mawili yalitokea Kameruni kwa kufuatana kwa siku chache. La kwanza, faranga ya CFA ilishushwa thamani kwa nusu: faranga moja ya Ufaransa iliyokuwa sawa na CFA 50 ikawa CFA 100. La pili, tarehe 20, ilitoka sheria mpya ya misitu, namba 94/01.

Kushuka kwa thamani kulimpendelea mwuza magogo kuliko mwenye kiwanda. Gharama za gogo nyingi hulipwa ndani: mishahara ya wakataji, ada za serikali, matengenezo ya barabara za msituni. Kwa mnunuzi wa nje gharama hizo zilikuwa zimekatika katikati kwa usiku mmoja. Mwenye kiwanda naye alinufaika, ila misumeno ya utepe, mota na vipuri vyake vilitoka nje na vilikuwa vimepanda maradufu. Anayetaka faida ya haraka angekuwa mjinga kununua mashine wakati huo.

Kisha sheria. Kifungu cha 71 kilitaka asilimia 70 ya magogo ya kila aina ya mti yachakatwe nchini katika kipindi cha mpito cha miaka mitano, na baada ya hapo magogo yasitoke kabisa. Msomee maneno hayo mwenye kibali cha kuvuna. Anaambiwa bei yake imekuwa nzuri ghafla, na kwamba dirisha litafungwa 1999. Atakata kadiri awezavyo kabla ya siku hiyo, na ndivyo ilivyokuwa: katikati ya miaka ya 1990 Kameruni ilikuwa ikiuza nje zaidi ya mita za ujazo milioni 1 kwa mwaka. Ule mlima kwenye mstari wake ni zao la tarehe iliyotangazwa mapema mno, ukichanganya na sarafu iliyoporomoka. Ni kosa kuusoma kama uwezo wa kawaida wa misitu yake, na ni kosa zaidi kuutumia kama msingi wa kusema marufuku "ilipunguza magogo kwa asilimia kadhaa".

Mwaka 1999 ulipofika, marufuku haikuwa kamili. Agizo la Agosti mwaka huo lilirekebisha sheria: aina za miti zenye thamani na zinazojulikana sokoni zilizuiwa, na nyingine, zile ambazo serikali ilitaka zitangazwe sokoni, zikaendelea kutoka kwa kulipiwa tozo ya ziada. Ayous, mti unaovunwa kwa wingi kuliko wote nchini humo, ulibaki na njia ya kutoka.

Kwa nini ayous? Mtu wa kiwandani atakujibu bila kufikiri. Ni mti mweupe wenye sukari nyingi ndani. Ukikatwa, kuvu ya buluu na wadudu wanaotoboa vitundu vyembamba kama ncha ya sindano huanza kazi ndani ya siku chache, na wiki chache porini zinatosha kulishusha gogo daraja. Ili uuze mbao za ayous kwa bei nzuri unahitaji kulipasua gogo upesi, kuzamisha mbao kwenye dawa, na kuzikausha kwenye tanuru. Viwanda vya mashariki ya nchi vilikuwa na misumeno. Matanuru yalikuwa machache na umeme wa kuaminika haukuwepo. Gogo zima lililopuliziwa dawa na kupakwa rangi kwenye ncha linavumilia safari kuliko mbao mbichi. Kwa hiyo msamaha wa ayous ulikuwa na sababu ya kiufundi, ingawa ulimfaa pia kila aliyetaka magogo yaendelee kutoka.

Lakini msamaha mmoja unabadilisha kazi nzima ya lango la bandari. Afisa wa forodha aliyekuwa anatakiwa kuuliza "je, ni la mviringo?" sasa anatakiwa kuuliza "je, ni mti gani?" Gogo likiwa bichi na lina gome, si kazi ngumu. Ayous ni rangi ya maziwa na mwepesi. Sapelli, ndugu wa mbali wa mkangazi wetu, una harufu ya mwerezi ukikwaruza. Azobé ni mwekundu wa chokoleti wenye vistari vyeupe vya madini kwenye mishipa yake. Lakini gogo likikaa wiki tatu juani bila gome, ncha zote huwa kijivu. Hapo afisa anatakiwa achonge kipande kipya kwa kisu kikali, alowanishe, aangalie mpangilio wa vitundu kwa lenzi inayokuza mara kumi. Afanye hivyo kwa gogo moja moja, kwenye rundo la mamia, dereva akipiga honi nyuma.

Kontena limefanya hali kuwa mbaya zaidi. Magogo yaliyokuwa yakipakiwa wazi kwenye meli yalionekana na kila aliyepita gatini. Siku hizi gogo hukatwa urefu wa mita 5.8 au 11.8 ili liingie kwenye kontena la futi 20 au 40, na mlango ukifungwa kinachoonekana ni karatasi. Ukiufungua, unaona ncha za safu ya mwisho tu. Mwenye nia mbaya anajua aweke nini karibu na mlango.

Matokeo ni kwamba mstari wa Kameruni ulianguka sana baada ya 1999, kisha katika miaka ya 2010 ukapanda tena, ukivutwa na China na, kwa mti wa tali hasa, Vietnam. Hapakuwa na sheria mpya iliyofungua mlango. Kilichopanda ni miti iliyokuwa nje ya orodha ya marufuku, ambayo mwaka 1999 haikuwa na mnunuzi mkubwa. Orodha iliyoandikwa kwa kuangalia ladha ya Ulaya haikuona ladha ya Asia inakuja. Serikali imejibu kwa kodi: ushuru wa kutoa magogo uliokaa miaka mingi kwenye asilimia 17.5 ya thamani ya bandarini umepandishwa ngazi kwa ngazi mpaka ukapita nusu ya thamani hiyo. Kodi ya namna hii inaweza kufanya kazi ambayo orodha haikuiweza, kwa sharti kwamba aina ya mti na ujazo vimeandikwa kweli, maana thamani hukokotolewa kutoka kwenye bei elekezi ya kila aina. Tunarudi pale pale kwa utepe na lenzi.

Gaboni: mti mmoja unaoelea

Historia ya magogo ya Gaboni ni historia ya okoumé. Mti huu huota Gaboni na kingo za majirani zake, na karibu popote pengine duniani haupo. Ni wa waridi hafifu, mwepesi, na unaelea. Kwa hiyo biashara ilianza mwishoni mwa karne ya 19 bila barabara: magogo yalifungwa pamoja kuwa chelezo kubwa, yakashushwa na mto Ogooué hadi Port-Gentil na kupakiwa melini. Misitu ya mbali na mito ilibaki salama kwa sababu hiyo tu. Reli ya Transgabonais, iliyofika Franceville mwishoni mwa 1986, ndiyo iliyofungua bara kwa magogo, na pia kwa miti isiyoelea.

Okoumé humenyeka vizuri. Gogo linafungwa kwenye mashine kama lathe, linazungushwa dhidi ya kisu kirefu, na vinia inatoka kama kitambaa kinachofunguliwa kwenye robota. Ndiyo maana mnunuzi wake mkubwa kwa miongo mingi alikuwa kiwanda cha plaiwudi, Ufaransa kwanza, kisha China. Kwa muda mrefu okoumé na mwenzake ozigo viliuzwa kupitia kampuni moja ya taifa, SNBG, na kwa madaraja yanayojulikana hadi leo: QS, CI, CE, CS. Mwuzaji mmoja, mti mmoja mkuu, bandari mbili, Owendo na Port-Gentil. Kwa anayetafuta takwimu ni neema, na kwa anayetaka kufunga mlango pia.

Kwenye karatasi Gaboni nayo ilikuwa na mpango wa polepole. Sheria yake ya misitu ya 2001 ililenga asilimia 75 ya magogo ichakatwe nchini kufikia 2012. Kasi ilikuwa ndogo. Katika muongo ule nchi iliendelea kuuza nje magogo takriban kati ya mita za ujazo milioni 1.5 na milioni 2 kwa mwaka, China ikichukua fungu kubwa zaidi. Halafu Novemba 2009, wiki chache baada ya Ali Bongo kuapishwa kuwa rais, serikali ikatangaza kwamba magogo yote yatazuiwa. Mei 2010 ikawa hivyo.

Miezi sita haitoshi kujenga kiwanda cha vinia. Haitoshi hata kuagiza mashine, kuifikisha na kuimwagia sakafu ya zege. Kwa hiyo kilichofuata kilitarajiwa: uvunaji ukaanguka, kambi za msituni zikapunguza watu, magogo yaliyokuwa yamekwishakatwa yakabaki kwenye viwanja vya bandari yakisubiri uamuzi. Wenye vibali wenye mtaji walijenga au kupanua viwanda. Wadogo waliwauzia wao au wakaacha. Serikali nayo, ikishirikiana na kampuni ya Olam, ilianzisha eneo maalumu la viwanda Nkok, takriban kilomita 27 kutoka Libreville, kwenye hekta zaidi ya 1,100, na miaka iliyofuata viwanda vingi vya vinia, hasa vya wawekezaji kutoka Asia, vikaweka mashine hapo. Gaboni leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vinia Afrika.

Lakini ushindi huo usihesabiwe wa ujasiri peke yake. Gaboni ilikuwa na mafuta, kwa hiyo hazina ingeweza kuvumilia mwaka mmoja au miwili bila ushuru wa magogo. Kameruni ya 1999 haikuwa na nafasi hiyo. Watu wa Gaboni ni wachache, takriban milioni mbili, na ajira zilizopotea kambini, ingawa ziliumiza, hazikuweza kutikisa nchi. Zaidi ya yote, mti wake mkuu ulikuwa ule ambao teknolojia ya kuuchakata ni ya kawaida na soko la bidhaa yake lipo tayari. Mpe Kameruni marufuku ile ile ya miezi sita akiwa na ayous mwenye kuvu ya buluu na matanuru machache, na nusu ya mavuno ya kwanza ingeozea uwanjani.

Kuiweka mistari pamoja

Sasa weka mistari miwili pamoja, ukijua haya. Jambo la kwanza kuamua ni mwaka wa kuanzia, na karibu kila mwaka unaovutia ni mbaya. Mwaka 1998 una mtikisiko wa uchumi wa Asia. Miaka ya mwisho kabla ya marufuku ya Kameruni ina haraka ya kuwahi. Mwaka 2009 una mdororo wa dunia, ambapo oda za Ulaya na China zilipungua, kwa hiyo ukilinganisha Gaboni ya 2009 na ya 2011 unadogosha anguko. Mwaka 2010 wenyewe ni nusu ya biashara huria na nusu ya kusafisha maghala. Njia salama ni wastani wa miaka mitatu: kwa Gaboni 2005 hadi 2007 dhidi ya 2011 hadi 2013, kwa Kameruni miaka iliyotangulia 1994 dhidi ya miaka baada ya 2000, huku ile iliyo katikati ikionyeshwa kwenye mchoro bila kuingizwa kwenye hesabu.

La pili ni Douala. Magogo ya kaskazini mwa Jamhuri ya Kongo na ya kusini-magharibi mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati husafiri kwa lori zaidi ya kilomita elfu moja na kupakiwa kwenye bandari za Kameruni, Douala kwanza na sasa Kribi pia. Ukitumia takwimu za bandari, umewapa Wakameruni miti ya majirani. Ukitumia takwimu za forodha, tafuta safu ya mzigo unaopita njia na uitoe. Sapelli mwingi wa kaskazini mwa Kongo unafanana kabisa na sapelli wa Yokadouma, mashariki mwa Kameruni, na gogo halina lafudhi. Gaboni haina tatizo hili kwa kiwango hicho, kwa sababu bandari zake zinahudumia misitu yake.

La tatu, geuza kioo. Chukua kile ambacho China imeandika kimeingia kutoka kila nchi na ukilinganishe na kile ambacho nchi yenyewe imeandika kimetoka. Tofauti ndogo ni ya kawaida: meli huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo mzigo wa Novemba na Desemba huhesabiwa mwaka unaofuata upande wa pili, na thamani upande wa kupokea imeongezewa nauli na bima. Linganisha ujazo, acha thamani, na tumia jumla ya miaka miwili miwili. Tofauti ikibaki kubwa kwa upande mmoja mwaka baada ya mwaka, hiyo si meli iliyochelewa. Kuwa makini pia na majina: mti unaoitwa bubinga Kameruni unaitwa kevazingo Gaboni, na asiyejua hilo atadhani mmoja umetoweka sokoni na mwingine umezuka.

Kevazingo ndiyo iliyoonyesha mpaka wa marufuku ya umbo. Mwaka 2019 makontena zaidi ya 350 ya mti huo, ambao Gaboni ilikuwa imeshazuia uvunaji wake, yalitoweka kutoka bandari ya Owendo baada ya kukamatwa. Makamu wa rais na waziri wa misitu waliondolewa kazini. Marufuku ya gogo zima haikusaidia kitu hapo. Mara tu sheria ilipotaka kutofautisha mti na mti, Gaboni ilikutana na udhaifu ule ule wa Kameruni, karatasi inayosema okoumé na mlango wa kontena uliofungwa.

Jambo la nne ndilo linalogeuza hitimisho za watu wengi. Mstari wa magogo hausemi miti mingapi imekatwa. Ili ulijue hilo unarudisha mbao na vinia kuwa magogo, na kila kitu kinategemea kigawanyo. Mfano wa kubuni: nchi imepunguza magogo ya kuuza nje kwa mita za ujazo 100,000 na imeongeza mbao 50,000. Ukitumia kigezo cha 1.82 kinachotumika kwenye takwimu za kimataifa za mbao za kitropiki, mbao hizo zilihitaji magogo 91,000; uvunaji umepungua kwa 9,000. Lakini ukienda kwenye kiwanda chenye msumeno uliochoka, kinachochagua ubao safi tu kwa soko la nje, kile kinachotoka kama bidhaa kinaweza kuwa asilimia 35 tu ya gogo. Gawa 50,000 kwa 0.35 na unapata karibu 143,000. Uvunaji umeongezeka kwa 43,000. Takwimu ni zile zile, alama imegeuka. Kwa hiyo anayelinganisha Gaboni ya vinia na Kameruni ya mbao hana budi kutumia vigezo viwili tofauti, na aviandike wazi chini ya mchoro. Vinia ya okoumé hupoteza gogo kidogo kuliko mbao za sapelli zilizopasuliwa kwa ukubwa maalumu.

Kameruni ina tundu jingine ambalo Gaboni inalo kwa udogo: soko la ndani. Yaoundé na Douala zinajengwa kwa mbao zilizopasuliwa kwa chenso porini, nyingi bila kibali, na utafiti umekadiria kwamba ujazo wake unakaribiana na wa viwanda vikubwa. Miti hiyo haionekani kwenye 4403 wala 4407. Ukiacha kuihesabu, Kameruni inaonekana imetulia pale ambapo msitu wake uko kazini.

Baada ya 2022

Mwaka 2020 nchi za Bonde la Kongo zilikubaliana kuzuia magogo kwa pamoja kuanzia Januari 2022, kisha tarehe ikaahirishwa. Jamhuri ya Kongo ilifunga peke yake Januari 2023, na misamaha kadhaa. Kwa mchoro wetu hilo lina matokeo ya moja kwa moja: sehemu ya magogo yaliyokuwa yakipita Douala ilitakiwa kuisha mwaka huo, sheria ya Kameruni ikiwa imebaki ile ile. Mtu akiona mstari wa bandari za Kameruni unashuka kuanzia 2023, kabla ya kuusifia ushuru mpya wa Yaoundé, atoe kwanza mzigo wa Kongo kwenye miaka yote iliyotangulia, kisha achore upya. Kinachobaki ndicho cha Kameruni, na hicho akigawe kwa aina: ayous peke yake, tali peke yake, azobé peke yake. Tali ikishuka wakati ayous imesimama, atazame oda za Vietnam kwanza. Zote zikishuka pamoja ndani ya robo mwaka moja, hapo ndipo ushuru unastahili kutajwa.